Baba anakojoa damu, altrasaundi inasema "hakuna uvimbe dhahiri": twende kwenye kipimo gani sasa?

SWALI

Shikamooni wataalamu wa safu hii.

Naandika kutoka Rutamba, mkoani Lindi, kwa niaba ya baba yangu mzazi. Ana miaka 61, ni mkulima wa korosho na ufuta, na tangu utotoni amekuwa akiingia kwenye maji ya ziwa letu, mara kuvua, mara kulima mpunga pembezoni. Sigara anavuta tangu ujana wake, ingawa siku hizi amepunguza.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani alikojoa damu siku mbili mfululizo. Haikumuuma popote. Zahanati walisema ni UTI, akapewa vidonge vya siku saba, damu ikakata, tukashukuru Mungu. Baada ya miezi miwili hivi ikarudi, safari hii na vibonge vyeusi vidogo vidogo. Nikampeleka Lindi mjini, akapigwa altrasaundi kwenye kituo kimoja cha binafsi. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, mwalimu mmoja akanifasiria hivi: "Figo zote mbili ni za kawaida. Kibofu hakikujaa vizuri, sm 6.0 × 5.5 × 5.2. Ukuta wa kibofu mm 7. Hakuna uvimbe dhahiri. Tezi dume ml 38. Maoni: maambukizi ya kibofu, na tezi dume iliyokua kiasi."

Sasa damu imekata tena na baba anasema kapona, tusimsumbue mpaka korosho ziuzwe mnadani na malipo yaingie. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasema tuachane na altrasaundi, twende moja kwa moja kwenye MRI kwa sababu ndiyo kiboko ya vipimo vyote. Jirani anasema siti skani. Baba mwenyewe hofu yake ni kuingizwa mpira au kamera kwenye njia ya mkojo. Anataka kipimo cha nje tu. Je, kipo kipimo cha nje kinachoweza kuona ndani ya kibofu na kumaliza kazi? Na hiyo mionzi haitamdhuru?

La mwisho, mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka 13 mwenye kilo 45, naye mkojo wake unamalizikia na matone ya damu. Bibi yake anasema ndiyo kukua kwa mtoto wa kiume. Naomba mnisaidie.

Binti wa Rutamba


JIBU

Marahaba, mwanetu. Umefanya vyema kutunakilia ripoti neno kwa neno, maana jibu la nusu ya maswali yako limo humo humo. Lakini kwanza tukwambie lililo zito: baba yako hajapona, na wala hajapata kipimo kilichokamilika. Asisubiri mnada wa korosho.

Tazama vile vipimo vitatu vya kibofu, sm 6.0 × 5.5 × 5.2. Wapigaji wa altrasaundi huzidisha urefu, upana na kina, kisha huzidisha tena kwa 0.52 ili kupata ujazo. Ukifanya hesabu hiyo unapata mililita 89. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 bila taabu, na ili ukuta wake uonekane sawasawa kinatakiwa kiwe na mililita 200 hadi 300 angalau. Kikiwa na 89, ukuta umejikunja, mikunjo imelaliana, na palipo laini panaonekana pamenenepa. Ukuta wa kibofu kilichojaa kwa kawaida hauzidi mm 3, na wa kibofu kitupu hauzidi mm 5. Kwa hiyo ile mm 7 huenda ni unene wa kweli, na huenda ni mikunjo, na ripoti hii haiwezi kutuambia ni kipi. Vivyo hivyo maneno "hakuna uvimbe dhahiri": uvimbe wa sentimita moja hujificha vizuri sana katikati ya mikunjo. Mpigaji aliandika kwa uaminifu kwamba kibofu hakikujaa, na hilo ni jambo la kumshukuru. Ila hapo ndipo mgonjwa alipaswa kupewa maji, asubiri saa moja, arudi kitandani.

Hayo "maoni: maambukizi" yaacheni kando. Altrasaundi haioni bakteria. UTI huthibitishwa maabara kwa kuotesha mkojo, na mzee wa miaka 61 aliyekojoa damu bila homa na bila kuchomwa hapaswi kupewa jina la UTI kwa kukisia, mara ya kwanza wala ya pili. Kuhusu tezi dume, ml 38 ni ukubwa wa kawaida kwa wazee wengi wa umri wake (ya kijana ni kama 20 hadi 25). Ndiyo, tezi dume iliyokua inaweza kutoa damu. Lakini ibebeshwe lawama mwishoni kabisa, kibofu na figo vikishasafishwa jina.

Kwa nini tunasema hajapona wakati mkojo ni mweupe? Uvimbe wa kibofu hutoa damu kwa vipindi. Vishipa vyembamba vya juu yake hupasuka, damu hutoka siku moja au mbili, kisha huganda na kunyamaza wiki hata miezi, uwe umemeza vidonge au hukumeza. Ndiyo maana dawa ya UTI ilionekana kufanya kazi. Sasa weka pamoja mambo yake: umri, sigara ya miaka mingi, damu inayoonekana kwa macho na isiyouma, tena iliyorudi. Juu ya yote hayo kuna maji ya ziwa. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa ukutani na kubaki humo miaka. Ukuta huvimba, huweka makovu, huota kalsiamu, na kwa baadhi ya watu chembe zake hubadilika kuwa saratani. Huko Misri daktari Ferguson alishauona uhusiano huo mwaka 1911, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliuweka mnyoo huu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Saratani inayofuata kichocho mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaingia kwenye msuli wa kibofu. Hatusemi baba anayo. Tunasema yuko kwenye kundi ambalo daktari hatakiwi kulala usingizi mpaka ameona ndani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudia altrasaundi, safari hii kwa utaratibu. Shemeji yako anaidharau bure. Haina mionzi, haiumi, ipo mpaka hospitali za wilaya, na ikifanywa vizuri huona uvimbe mwingi wa kibofu uliozidi nusu sentimita.

Siku hiyo baba akojoe kwanza, kisha anywe lita moja ya maji, yaani chupa mbili ndogo za mililita 500, kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa. Amalize saa moja kabla ya kipimo na asikojoe tena. Chai na soda zisihesabiwe. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, au miguu inavimba, kiasi cha maji apangiwe na daktari. Na kwa kuwa tezi dume yake imekua, asishindane na mkojo mpaka atoe jasho: mzee mwenye tezi dume akijaza kibofu kupita kiasi anaweza kufungwa mkojo kabisa. Akisikia haja ya kweli, aseme, apimwe hapo hapo. Kuna sababu nyingine ya kutojaza mno. Kibofu kikifura, mkojo hurudi nyuma na figo huonekana zimetanuka wakati hazina tatizo. Ndiyo maana figo zilizoonekana zimetanuka hutazamwa tena baada ya mgonjwa kukojoa, kabla hajaandikiwa ugonjwa asio nao.

Kama mpira wa mkojo umepangwa kuwekwa kwa sababu yoyote ile, picha ipigwe kabla. Mpira hukwaruza ukuta, huingiza hewa, na puto lake huziba sehemu ile ile tunayotaka kuiona.

Kwenye chumba cha kipimo sema sentensi hii, hata kama karatasi ya daktari imeandikwa "maumivu ya tumbo": "Amekojoa damu inayoonekana mara mbili, haikumuuma, anavuta sigara, na amekulia eneo la kichocho." Mpigaji akijua hivyo hutafuta tofauti. Kifaa cha kawaida cha tumbo, chenye masafa ya megahezi 2 hadi 5, huona vizuri ukuta wa nyuma na wa pembeni. Ukuta wa mbele, ule ulio karibu na ngozi, hufunikwa na ukungu wa mwangwi unaorudi kutoka kwenye misuli ya tumbo, na hapo ndipo uvimbe mdogo hupitwa mara nyingi. Mpigaji mzoefu hupunguza mwanga wa picha upande wa juu, au hubadilisha kifaa na kuchukua kile bapa chenye masafa ya juu, megahezi 7 au zaidi, akaupitia ukuta wa mbele peke yake. Si utovu wa adabu kumuuliza, "Ukuta wa mbele umeuona, daktari?" Sehemu nyingine zinazosahaulika ni paa la kibofu na shingo yake, pale kinapokutana na tezi dume.

Akiona kitu kinachotokeza, ndipo baba atageuzwa ubavu. Usishangae, kugeuza ni sehemu ya kipimo. Bonge la damu huteleza kwenda upande wa chini. Jiwe nalo hutembea, tena huacha kivuli cheusi nyuma yake. Uvimbe wa ukutani haubanduki. Baada ya hapo huwashwa rangi za Dopla kuona kama kuna damu inayopita ndani yake: uvimbe hai huwa na vishipa, bonge la damu halina. Lakini kutoona rangi kwenye kitu kidogo hakuondoi uvimbe, na bonge la zamani lililogandamana ukutani hukataa kusogea, kwa hiyo majaribio haya mawili husomwa kwa pamoja. Sehemu ya kati ya tezi dume nayo huweza kuchomoza ndani ya kibofu na kufanana sana na uvimbe. Mpigaji huitofautisha kwa kugeuza kifaa na kufuata shina lake mpaka kwenye tezi.

Kisha akojoe, apimwe tena. Mkojo unaobaki ukiwa chini ya mililita 50 ni sawa. Tuseme kibofu baada ya kukojoa kina sm 7 × 6 × 5: ni mililita 109 zimebaki, na hapo kuna kizuizi au kibofu kimechoka. Ripoti yenu haina kipimo hiki kabisa, wakati kingechukua dakika mbili.

Upo mtego mmoja unaohusu mikoa yetu hasa. Kichocho chenyewe huotesha vinundu na vinyama kwenye ukuta wa kibofu, na kwa altrasaundi vinyama hivyo havitofautiki na saratani. Kwa mtoto mwenye kinyama cha aina hiyo ni halali kumpa dawa ya kichocho, kusubiri na kurudia picha, kwa sababu vingi hunywea ndani ya miezi michache. Kwa mzee wa miaka 61 aliyekojoa damu, kusubiri kwa namna hiyo hatukukubali. Dawa apewe, lakini safari ya rufaa iendelee.

Sasa swali la baba, kama kipo kipimo cha nje kitakachomaliza kazi. Mwambie kwa upole lakini umwambie ukweli: hakipo. Altrasaundi, siti skani na MRI zote huona kitu kilichotokeza au kilichonenepa. Ipo saratani inayotambaa bapa juu ya ngozi ya ndani ya kibofu bila kuinuka, na hiyo picha zote tatu zinaweza kuipita. Tena hata uvimbe ulioonekana vizuri hauna jina mpaka kipande chake kitazamwe chini ya hadubini. Kamera ya kibofu, sistoskopi, ndiyo inayofanya mambo hayo mawili. Ile laini inayopinda hupitishwa kwa jeli ya ganzi na huchukua dakika chache, na ile ngumu hufanywa kwa ganzi ya mgongo, mgonjwa hasikii chini ya kiuno. Siku moja au mbili baadaye mkojo huchoma na huweza kuwa na wekundu kidogo, kisha huisha. Wazee wengi huogopa kwa kuwa hawakuelezwa. Mpeleke kwa daktari atakayemweleza akiwa amekaa na nguo zake, kabla hajapandishwa kitandani.

Hapo ndipo ushauri wetu unapotofautiana na wa shemeji. Kama baada ya altrasaundi nzuri fedha inatosha kipimo kimoja tu, kiwe kamera ya kibofu. MRI ni kipimo kizuri mno kikifika kwa wakati wake, na wakati wake ni baada ya uvimbe kuonekana na kabla haujakwanguliwa. Kazi yake ni kusema uvimbe umeishia juu au umeingia kwenye msuli. Mwaka 2018 wataalamu wa mionzi walitoa mfumo wa alama 1 hadi 5 unaoitwa VI-RADS kwa kazi hiyo: 1 na 2 msuli haielekei umeguswa, 4 na 5 inaelekea umeingiliwa, 3 picha pekee haiamui. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu. Uvimbe wa juu hukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, ulioingia kwenye msuli huweza kuhitaji kibofu kuondolewa au kupigwa mionzi ya tiba. MRI ikipigwa mara tu baada ya kukwangua, kidonda na uvimbe wa upasuaji huchafua picha, kwa hiyo husubiriwa wiki mbili au zaidi. Haitumii mionzi, inatumia sumaku, kwa hiyo mwenye chuma mwilini, kifaa cha moyo au kipande cha risasi lazima aseme mapema. Kibofu kiwe kimejaa kiasi tu. Mgonjwa atalala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi, na akibanwa na mkojo atatikisika, picha zitaharibika.

Siti skani ina nafasi yake pia, na ni kubwa kuliko ya MRI kwa mtu ambaye damu haijajulikana inatoka wapi, kwa sababu huonyesha figo, mirija inayoshuka na kibofu kwa safari moja. Ila iombwe kwa jina lake: "siti skani ya njia ya mkojo yenye dawa, pamoja na picha za kuchelewa." Mkiandikiwa "siti skani ya tumbo" tu, mnaweza kulipa na kurudi bila jibu. Utaratibu wake ni huu. Picha za kwanza hupigwa bila dawa ili kuona mawe. Kisha dawa ya madini ya joto, mililita 100 hivi, huingizwa kwa sindano mkononi na figo hupigwa baada ya dakika moja na nusu. Halafu mgonjwa husubirishwa dakika 8 hadi 15 mpaka dawa ichujwe na figo na kushuka. Ni katika picha hizi za mwisho kwamba mkojo huwa mweupe na uvimbe huonekana kama pengo ndani yake. Kwenye foleni ndefu hatua hii ndiyo hukatwa, na ndiyo mliyoifuata. Kabla ya yote lazima kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ipimwe, maana dawa ile hupita kwenye figo na figo dhaifu huweza kuumia. Aliyewahi kuvimba au kubanwa na pumzi kwa dawa ya namna hiyo aseme. Mwenye kisukari anayetumia metfomini naye aseme, kwa kuwa figo zikiwa dhaifu dawa hiyo husimamishwa siku ya kipimo na kurudishwa baada ya saa 48, figo zikishapimwa tena.

Mionzi ya siti skani ni mingi kuliko ya eksirei kwa mbali, hilo ni kweli. Kwa mzee wa miaka 61 mwenye dalili hizi, hatari ya kukosa kuona ugonjwa inazidi sana hatari ya mionzi, na hatungemzuia. Kwa mjukuu wa miaka 13 tungemzuia.

Eksirei ya kawaida ya tumbo huona mawe mengi, na huona kibofu kilichoota kalsiamu kwa kichocho cha miaka: mstari mweupe wa duara nyuma ya mfupa wa kinena, ambao wataalamu wa mionzi huufananisha na kichwa cha mtoto aliye tumboni. Uvimbe wenyewe haiuoni. Msiilipie kama kipimo cha uvimbe.

Kabla ya safari, fanyeni vipimo vya mkojo na damu kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mkojo wa kichocho utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, tena baada ya kutembea kidogo, na muhimu zaidi ni matone ya mwisho. Maabara huchuja mililita 10 na kutazama kichujio. Kwa mzee mwenye makovu ya zamani mayai huweza yasionekane kabisa, kwa hiyo jibu la "hakuna" lisiwafanye mfute kichocho. Pimeni kreatinini na wingi wa damu. Mkojo wa kutafuta chembe za saratani, ukiombwa, usiwe ule wa kwanza wa asubuhi, kwa sababu chembe zilizolala humo usiku kucha huharibika. Utumike wa baadaye na ufike maabara mapema. Mpaka kreatinini ijulikane, baba asimeze diklofenaki na dawa za jamii yake kwa ajili ya mgongo wala magoti. Kama anatumia dawa za kuyeyusha damu asiziache mwenyewe, amwambie daktari. Dawa hizo huzidisha damu kutoka, lakini hazizuii uchunguzi, kwani mara nyingi ndizo zinazofichua uvimbe uliokuwapo.

Njia ya rufaa kwenu ni kuanzia Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Waonyeshe ripoti ya zamani, waeleze ile hesabu ya mililita 89, na uombe altrasaundi irudiwe pamoja na barua ya kumuona daktari bingwa wa njia ya mkojo. Mbele yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, Mtwara, na ipo Ndanda kwa upande wa Masasi. Piga simu kabla ya kupanda basi, uulize mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii, daktari bingwa yupo siku gani, na kamera ya kibofu inafanyika hapo au mtatumwa Muhimbili. Kama mna bima, hakikisha barua ya rufaa imepigwa mhuri kabla hamjaondoka Lindi. Bila mhuri mnaweza kurudishwa dirishani. Na picha zote mziombe kwenye sidii, msikubali karatasi ya maelezo peke yake, kwa sababu daktari wa pili atataka kutazama kwa macho yake, na bila picha mtalipia upya kipimo kile kile.

Kuhusu mtoto, mheshimu bibi yake lakini usimfuate katika hili. Matone ya damu mwishoni mwa mkojo, kwa mvulana anayeoga ziwani, ni kichocho mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akapimwe mkojo mchana kama tulivyoeleza. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: kwa kilo 45 ni miligramu 1,800, yaani vidonge vitatu vya miligramu 600, vyote siku moja, baada ya kula. Vichungu, avimeze bila kutafuna. Tumbo kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu huja na kupita siku hiyo hiyo. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa na huacha michanga, kwa hiyo apimwe mkojo tena baada ya wiki sita hadi nane na arudie dawa kama mayai bado yapo. Apigwe altrasaundi moja ya kibofu na figo, na kama kuna unene au figo zimetanuka, irudiwe baada ya miezi sita. Kama nyumbani kuna mabinti wanaoteka maji au kufua ziwani nao wapimwe, hata kama hawalalamiki, kwa maana mayai yale yale hunasa pia kwenye mlango wa uzazi na huchukuliwa kimakosa kuwa magonjwa ya zinaa. Maji ya kuoga yakichotwa na kukaa siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, vijidudu vya kichocho huwa vimekufa.

Baba akisha kupimwa kichocho, kama ana kilo 60 dozi yake itakuwa miligramu 2,400, vidonge vinne. Mwambie wazi kwamba vidonge hivyo ni vya minyoo, havigusi uvimbe, ili damu ikikata baada ya kuvimeza asije akasema tena kapona.

Wakati mnasubiri miadi, yako mambo ambayo hayangoji tarehe: mkojo kugoma kutoka kabisa, mabonge makubwa ya damu, homa pamoja na maumivu ya kiuno, kizunguzungu cha kuishiwa damu. Mkojo ukigoma kwa sababu ya mabonge, msikubali mpira mwembamba wa kawaida kisha mrudi nyumbani, utaziba ndani ya saa chache. Kinachotakiwa ni mpira mnene wenye njia tatu, ambao kibofu huoshwa nao kwa maji ya chumvi mpaka yatoke meupe, na kazi hiyo hufanyika hospitalini, mgonjwa akiwa amelazwa. Mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.